MZABIBU NA CHACHU: GINSI ADN INAVYOONYESHA UKOO WAO



Mu namba hii ya gazeti letu tunataka kueleza habari moja ya biolojia ambayo sisi wafinalisti tumeijadili sana: ginsi wataalamu wanavyotumia alama za ADN ili kujua ukoo wa mizabibu, na ukoo wa chachu (ile tunaita pia levire) inayogeuza maji ya zabibu kuwa divai.

Tunajua wengine watauliza mara moja: juu ya nini gazeti la shule ya Kiprotestanti lijaze kurasa zake na habari za divai? Jibu letu ni fupi. Hatufundishi mtu kunywa. Kanuni ya shule inajulikana, na sisi makapita njo tunailinda. Lakini mzabibu unatajwa mu Biblia toka siku za Nuhu mpaka meza ya Bwana, na ni vizuri kuujua. Tena, somo lililo ndani ya habari hii linagusa ndizi na muhogo wa mashamba ya wazazi wetu. Msomaji atufuate polepole, ataona.

1. MKULIMA HAPANDI MBEGU ZA ZABIBU

Wengi wetu hatujaona mzabibu kwa macho. Ni mti unaotambaa, wenye majani mapana na matunda ya vishada. Jina lake la kisayansi ni Vitis vinifera. Kwa kawaida tunda lake lina mbegu, lakini mkulima hapandi mbegu hizo. Juu ya nini? Kwa sababu mbegu ni mtoto wa baba na mama, na mtoto hafanani kabisa na mzazi. Ukipanda mbegu kumi za mzabibu mmoja mtamu, utapata mizabibu kumi tofauti, na mingi kati yake itakuwa na matunda yasiyofaa.

Kwa hiyo mkulima anakata kijiti cha mzabibu na kukipanda, sawa vile mama zetu wanavyokata miti ya muhogo, ao wanavyong'oa chipukizi la mgomba na kulipeleka shamba lingine. Mmea unaotoka hapo si mtoto. Ni mmea ule ule, umeendelea kuishi mahali pengine. Wataalamu wanauita kloni.

Hivi mzabibu mmoja unaweza kuishi miaka mia na mia. Mwaka 2019 wataalamu walitangaza kwamba wamesoma ADN ya mbegu 28 za zabibu zilizochimbuliwa katika udongo wa Ufaransa. Mbegu moja ya mji wa Orléans, yenye umri wa miaka 900 hivi, ilionekana kuwa sawasawa na mzabibu Savagnin blanc unaolimwa mpaka leo. (Mwenye akili atauliza: kama mbegu ni mtoto, namna gani ilifanana na mama? Akumbuke kwamba ganda la mbegu ni sehemu ya mwili wa mama, si ya mtoto.)

2. MAJINA YANADANGANYA

Mbele ya ADN, mtu aliyetaka kutambua mzabibu aliangalia umbo la jani, nywele za chipukizi, rangi ya tunda na wakati wa kuiva. Ni elimu kubwa, na wako watu wanaoijua vizuri sana. Lakini mzabibu umetembea inchi mingi, na kila inchi iliupa jina lake. Hivi mzabibu mmoja uko na majina kumi, na tena jina moja linaitwa mizabibu mitatu isiyo ndugu.

Tuchukue mfano wa Chile, Amerika ya Kusini. Kwa miaka mingi wakulima wa huko walilima mizabibu waliyoiita Merlot. Mwaka 1994 mtaalamu Mfaransa Jean-Michel Boursiquot alipita mu mashamba yale, akaona kwamba sehemu kubwa haiko Merlot hata kidogo. Ilikuwa Carménère, mzabibu wa zamani wa Bordeaux ambao Wafaransa walidhani umekaribia kupotea. Alitambua kwa macho, na kisha ADN ilihakikisha.

Mambo haya si ya ajabu kwetu. Ndizi ile ile inaitwa hivi mu kijiji kimoja, na ukivuka mto inaitwa vingine.

3. ALAMA NI KITU GANI?

Wa kilasi za chini watuvumilie hapa. Wa juu wamekwisha kusoma.

Ndani ya kila selili ya kiumbe mna ADN. Ni kama andiko refu sana lililoandikwa kwa herufi ine tu: A, C, G na T. Andiko hili linakaa katika kromozomu. Mzabibu uko na kromozomu 38, maana yake jozi 19: nusu kutoka kwa baba, nusu kutoka kwa mama.

Mahali pengine katika andiko hili herufi zinarudiliwa-rudiliwa, sawa vile mtu mwenye kigugumizi: GA-GA-GA-GA-GA. Mahali kama hapo panaitwa mikrosateliti. Kwa kawaida marudio hayo hayaonyeshi kitu kwa mwili wa mmea: hayabadilishi ladha wala rangi. Lakini hesabu yake ni tofauti kutoka mmea huu mpaka ule. Mmoja anarudia mara 9, mwingine mara 12, mwingine mara 15. Na kila mmea uko na hesabu mbili, moja ya baba na moja ya mama. Njo maana tunaziita alama.

Kazi inafanywa hivi:

a) Wanachukua jani changa, wanalisaga, na kutoa ADN yake kwa dawa.
b) Wanatia ADN hiyo mu mashini ya PCR. Mashini hii inanakili kipande kimoja cha andiko mara mamilioni, ili kipimike. Mmarekani Kary Mullis alivumbua njia hiyo mwaka 1983, na akapata tuzo la Nobel mwaka 1993. Ni njia hiyo hiyo iliyopima watu wetu wakati wa Ebola ya Kivu ya Kaskazini, 2018 mpaka 2020, na wakati wa Korona.
c) Wanapitisha vipande katika jeli yenye umeme, ao mu mrija mwembamba. Kipande kifupi kinakwenda mbio, kirefu kinabaki nyuma. Hivi wanajua urefu wake, na urefu unaonyesha hesabu ya marudio.

Wakifanya vile kwa mahali 20 ao 30, wanapata orodha ya namba. Orodha hiyo ni kama kitambulisho cha mzabibu. Mizabibu miwili yenye orodha sawa ni mmea mmoja, hata kama majina yao ni tofauti.

4. NANI BABA, NANI MAMA?

Orodha hiyo haitambulishi mmea peke yake. Inafunua pia wazazi. Kanuni ni rahisi: kila mahali, mtoto anapashwa kuwa na hesabu moja iliyotoka kwa mzazi mmoja, na hesabu ya pili iliyotoka kwa mzazi mwingine. Tutunge mfano kwa tabulo. Mzazi wa kwanza ana 12 na 15. Mzazi wa pili ana 9 na 14. Mtoto akiwa na 9 na 12, inawezekana ni wao. Akiwa na 9 na 20, basi mmoja wao si mzazi, kwa maana ile 20 imetoka wapi?

Mahali pamoja panaweza kufanana kwa bahati tu. Mahali 30 hapawezi.

Kwa njia hii, mwaka 1997, John Bowers na Carole Meredith wa chuo kikuu cha California kule Davis walitangaza wazazi wa Cabernet Sauvignon, mzabibu mweusi wenye sifa kubwa duniani. Walitumia alama 30. Wazazi ni Cabernet franc, mweusi, na Sauvignon blanc, mweupe. Jina lenyewe lilikuwa linasema, lakini watu hawakusadiki kwamba mzabibu mweusi kama ule ungekuwa na mzazi mweupe. Hakuna mtu aliyepanga ndoa hiyo: uliota peke yake, na mkulima mmoja asiyejulikana aliuona, akaupenda, akakata kijiti.

5. GOUAIS, MZAZI ALIYEDHARAULIWA

Hapa tunafika kwa habari iliyotugusa zaidi.

Mwaka 1999 watafiti hao, pamoja na wenzao Wafaransa, walipima aina zaidi ya 300 kwa alama 32. Walitafuta wazazi wa mizabibu ya kaskazini-mashariki ya Ufaransa, kama vile Chardonnay, Gamay na Aligoté. Waligundua kwamba aina 16 zote ni watoto wa tumbo moja: mzazi mmoja ni Pinot, mzabibu wa heshima wa Burgundy. Na mzazi mwingine? Ni Gouais blanc.

Gouais ulikuwa mzabibu wa maskini. Ulizaa sana, lakini divai yake ilikuwa kali bila ladha. Wakubwa waliudharau, na mara mingi waliukataza kupandwa kwa amri. Karibu upotee kabisa Ufaransa. Ulibaki hasa mu mikusanyo ya mimea. Kumbe huyo aliyefukuzwa ni mzazi wa Chardonnay, ambayo matajiri wa dunia nzima wanainunua kwa bei ya juu!

Na tena si mwisho. Iko ADN ndogo nje ya kiini cha selili, katika kloroplasti, ambayo kwa mzabibu inapitishwa na mama peke yake. Mwaka 2010 watafiti walitangaza kwamba, wakifuata ADN hiyo, kwa aina kadhaa za maana Gouais ndiye mama mwenyewe.

Kwa nini ndoa ya Pinot na Gouais ilizaa vizuri hivi? Kwa sababu wazazi hao wako mbali katika ukoo. Mizabibu iliyo ndugu wa karibu ikizaliana, watoto mara mingi wanakuwa dhaifu. Pinot na Gouais walileta kila mmoja kitu ambacho mwenzake hakuwa nacho. Kama amri zile zingefaulu kung'oa Gouais wote karne mingi mbele, Chardonnay haingezaliwa, na hakuna mtu angejua kitu gani kimepotea.

Zinfandel nayo iko na habari ya namna hii. Ni mzabibu unaolimwa sana California, lakini asili yake haikujulikana. Meredith na wataalamu wa Kroatia, Ivan Pejić na Edi Maletić, walitafuta kwa miaka kando ya bahari ya Dalmatia. Mwaka 2001 waliupata mu shamba moja la Kaštel Novi, kwa jina la Crljenak kaštelanski. Mashina yaliyobaki yalikuwa machache tu. Mmea uliojaza mabonde ya Marekani ulikuwa karibu kufa kwao alikozaliwa.

6. ALAMA ZIKO NA MPAKA

Tusidhani kwamba alama zinajua yote. Pinot noir ni mweusi, Pinot gris ni wa rangi ya majivu, Pinot blanc ni mweupe. Ukizipima kwa mikrosateliti za kawaida, orodha yao ni moja. Ni kloni ya mmea mmoja, ambayo badiliko dogo liliharibu uwezo wake wa kutengeneza rangi, na wakulima wakakata vijiti vya tawi lililobadilika. Kwa kuona badiliko kama hilo inapashwa kusoma andiko lenyewe karibu lote. Kazi hiyo ilifunguka mwaka 2007, wakati Wafaransa na Waitalia walipotangaza andiko la ADN la mzabibu, kutoka mmea wa ukoo wa Pinot noir.

7. CHACHU, MFANYA KAZI ASIYEONEKANA

Sasa tugeuke kwa chachu. Maji ya zabibu hayageuki divai peke yake. Kuna kiumbe cha selili moja, kidogo sana, kinachoonekana kwa mikroskopi tu: Saccharomyces cerevisiae. Kinakula sukari, na kinatoa alkoholi na gazi ya kaboni. Njo hiki hiki kinachovimbisha mkate wa asubuhi. Louis Pasteur alionyesha katika karne ya 19 kwamba kazi hiyo ni ya kiumbe hai.

Tuseme neno hapa kwa ajili ya meza ya Bwana. Mwaka 1869, Marekani, Thomas Welch, mganga wa meno na Mmetodisti, alifuata fundisho la Pasteur: alipasha moto maji ya zabibu mu chupa, chachu ikafa, na maji yakabaki matamu bila kuchacha. Alitaka makanisa yawe na kikombe kisicho na alkoholi. Kwa hiyo kujua chachu si kazi ya walevi peke yao.

Chachu nayo kwa kawaida inaongezeka kwa kuchipuka, bila baba wala mama, kama kloni. Andiko lake la ADN ni fupi: herufi milioni 12 hivi, jeni karibu 6.000, kromozomu 16. Lilisomwa lote mwaka 1996. Nayo iko na mikrosateliti, na inaweza kupimwa sawa na mzabibu.

Mwaka 2007 Jean-Luc Legras na wenzake walitangaza kazi yao juu ya chachu 651 kutoka mahali 56 pa dunia, walizopima kwa alama 12. Walipata orodha 575 tofauti. Chachu zilijigawa kwa makundi kufuata kazi: za divai kwao, za pombe ya nafaka kwao, za sake ya Wajapani kwao. Zile za mkate zilikaa katikati ya pombe na divai. Karibu zote za divai zilikuwa ukoo mmoja, maana yake watu walizibeba pamoja na mizabibu kutoka inchi mpaka inchi. Na katika kazi ya mwaka 2018, iliyosoma ADN ya chachu 1.011, mlikuwa chachu za divai ya mitende ya Afrika, zikifanya kundi lao zenyewe, mbali na zile za divai ya Ulaya. Wazee wetu wagema, bila kitabu, wamefuga kitu ambacho Ulaya haina.

Chachu inatoka wapi? Wengi wanasema: kwa ganda la zabibu. Mwaka 1999 watafiti Mortimer na Polsinelli waliona kwamba zabibu nzima, isiyopasuka, ni karibu moja tu kwa elfu iliyobeba chachu hii. Zilizopasuka zinayo mara mingi zaidi. Na mwaka 2012 Waitalia walionyesha kwamba nyigu wanaibeba tumboni wakati wa baridi na kuwapitishia watoto wao. Alama za ADN njo zilizowawezesha kufuata chachu ile ile toka nyigu mpaka shamba.

8. HATARI YA KUFANANA

Mtu atasema: mambo ya ukoo ni mazuri, lakini faida yake nini? Faida ni hii.

Katika miaka ya 1860 mdudu mdogo kama chawa, filoksera, aliingia Ufaransa kutoka Amerika ya Kaskazini. Anakula mizizi ya mzabibu. Mizabibu ya Ulaya haikuwa na ulinzi wowote, na mashamba yalikufa mkoa kwa mkoa. Dawa ilipatikana kwa mizabibu ya pori ya Amerika, ambayo matunda yake hayakupendwa kwa divai, lakini mizizi yake inavumilia mdudu. Mpaka leo mizabibu mingi ya Ulaya imepandikizwa juu ya mizizi hiyo.

Kisha California walisahau somo. Walipanda mashamba mengi sana juu ya aina moja ya mzizi, AXR1, iliyo na mzazi mmoja wa Ulaya. Katika miaka ya 1980 filoksera iliushinda, na mashamba yakang'olewa. Wote walifanana, wote wakaanguka pamoja.

Mwaka 2011 Sean Myles na wenzake walipima mizabibu karibu elfu moja ya mkusanyo wa serikali ya Marekani. Waliona kwamba karibu robo tatu ya aina zile ziko na mzazi, mtoto ao ndugu wa tumbo moja katika mkusanyo ule ule. Majina ni mengi, lakini damu ni chache.

9. NA SISI?

Ndizi yetu na muhogo wetu ni kloni, sawasawa na mzabibu. Tunajua mnyauko wa ndizi ulivyomaliza mashamba mengi ya Kivu toka miaka ya 2000, na muzaiki ilivyokausha majani ya muhogo. Muzaiki haishiki aina zote kwa nguvu moja: iko inayokauka, iko inayovumilia. Na Yangambi Km5, ndizi yenye jina la Yangambi yetu ya Kongo, ilijulikana duniani kwa kuvumilia ugonjwa wa madoa meusi ya majani. Ubelgiji, kule Leuven, wanatunza mu vichupa aina zaidi ya 1.500 za ndizi, na wataalamu wanazitambua kwa mikrosateliti zile zile tulizoeleza.

Sisi hatuna mashini ya PCR. Laboratwari yetu haina. Lakini alama ya kwanza ya kila mmea ni mtu anayeujua, na hao tuko nao nyumbani: ni mababu na manyanya wetu. Siku hizi vijana wanapanda aina mbili ao tatu zinazouzika sokoni, na zingine wanazikata kwa kuwa hazina bei. Nani kati yetu anajua kama ndizi ile anayoicheka si Gouais ya kesho?

Kwa hiyo tunapendekeza hivi, na tunaomba Bwana Prefe na mwalimu wa biolojia watuunge mkono. Likizo ijayo, kila mwanafunzi aandike mu daftari majina ya ndizi na mihogo ya kijiji chake, pamoja na rangi ya shina, umbo la tunda, na kazi yake: ya kupika, ya kukomaza kama Kamaramasenge, ao ya kasiksi. Aulize pia ni ipi iliyolimwa zamani na sasa haionekani. Anayeweza alete chipukizi moja lisilo na ugonjwa, lililotoka shamba lisilo na mnyauko, kwa shamba la shule. Tutaweka kibao na jina lake kwa kila lugha tunayoongea hapa.

MASWALI YA KUJIPIMA

1) Juu ya nini mkulima hapandi mbegu ya zabibu?
2) Mzazi mmoja ana marudio 8 na 11, mwingine 10 na 13. Mtoto mwenye 11 na 12 anaweza kuwa wao? Eleza.
3) Ni kitu gani mikrosateliti za kawaida haziwezi kutofautisha katika ukoo wa Pinot?
4) Taja aina moja ya ndizi ao muhogo ambayo nyanya yako anaijua na wewe huijui.

Jibu la swali la ine linapashwa kutafutwa nyumbani. Tunalingojea.

Kapita wa wanafunzi, kwa jina la wafinalisti